Mzee wa Yongfu na Pikapu ya Baba

Sitakuapia. Waapaji nawajua, nimefanya nao kazi sokoni miaka kumi na moja, na yule anayeapa kwa mama yake mzazi kwamba taa ni orijino ndiye wa kumkimbia kwanza. Nitakueleza tu jambo lilivyokuwa, mchana kweupe, nikiwa mzima wa akili. Ukiamini, sawa. Usipoamini sitakulaumu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwepo na mpaka leo sielewi.

Kwanza unijue. Mimi ni mwanamke wa Singida, naishi Guangzhou, nanunulia watu vipuri vya magari. Mteja yuko Dar au Lubumbashi, ananitumia picha kwenye simu, mimi nazunguka maduka ya mtaa wa Yongfu mpaka nipate kitu chake, nakikagua, nakipeleka kwa wakala wa kago pale Xiaobei. Kichina cha shule, Mandarini, nakiongea mpaka wenye maduka wananitania kwamba nimezaliwa huku nikapakwa rangi. Lakini Kikantoni, lugha ya wenyeji wa mji huu, sikijui. Najua kusema asante na kusema ghali, nimemaliza.

Baba yangu alikuwa dereva wa misheni. Wamisionari wa Kimarekani walipoondoka walimwachia pikapu yao waliyokuja nayo, usukani kushoto, rangi ya kijani iliyopauka. Wanaozijua wanaziita C10. Sisi nyumbani tuliiita Mzungu. Walimwachia na vitabu vya gari hilo, akavisoma kwa msaada wa kamusi mpaka vikachakaa. Basi kila Jumapili baada ya ibada Baba alimwosha Mzungu, na huku anaosha alisimulia habari za pikapu za kizazi kile, mwaka kwa mwaka, zilivyoanza, zilivyobadilika, zilivyokoma. Sisi watoto tulitoroka mmoja mmoja. Niseme ukweli? Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutoroka. Nilizoea kuisikia hadithi ile kiasi kwamba sikuwahi kuisikiliza.

Mwaka jana Baba akaanza kupotea. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, haurudi nyuma. Yalianza kwenda majina ya wajukuu, yakafuata ya kwetu. Pikapu yenyewe ilikuwa imelala uani miaka mingi bila kuwaka, na Baba akahamia humo. Dada yangu mkubwa, Neema, ambaye anaishi naye, akawa anampelekea chai ndani ya gari kila asubuhi. Anamkuta ameshika usukani, anasimulia peke yake habari za gari, wala hakosei. Chakula hali sawasawa. Anataka jambo moja tu: liwake, alisikie.

Fundi alifungua boneti akasema kabureta imeliwa na kutu, haifai tena. Itafutwe nyingine, na mwaka wake uwe sawa na wa gari, maana hizi za zamani zilibadilishwabadilishwa.

"Mdogo wangu, wewe ndiyo uko huko kwenye vipuri," Neema aliniambia kwa simu. "Fanya haraka. Kichwani kwake kumebaki hilo gari tu. Akilisikia linawaka, labda litamshikilia kidogo. Likishatoka na hilo, tutakuwa na mzee asiye na kitu."

Sasa, gari ni la mwaka gani? Unaweza kuamini kwamba katika nyumba nzima hakuna aliyejua? Kadi ya gari ililiwa na mchwa. Vitabu navyo vilikuwa havina majalada. Nikampigia Baba mwenyewe. Neema akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo Baba. Gari lako ni la mwaka gani?"

"Nani wewe?"

"Mwanao, Baba. Niko China."

"Mtu wa China anataka nini na gari langu?" akasema, na akamrudishia Neema simu. "Mwambie wezi wa magari nawajua."

Neema alicheka, na mimi nikacheka, kisha nikakata simu nikalia. Nililia kwa aibu kuliko huzuni. Jumapili zote zile, na sikubakiwa na mwaka mmoja.

Nikaanza kutafuta hivyo hivyo, na picha nne za gari kwenye simu. Viwanda vya huku vinatengeneza vipuri vya magari ya zamani ya Kimarekani na kuviuza kule kule Marekani, kwa hiyo kabureta zipo. Tatizo ni kwamba kila duka niliuziwa jibu tofauti. Mmoja sitini na saba, mwingine sabini na moja. Laoban, yaani bosi, hakubali kusema hajui, anakupa mwaka wowote uondoke na mzigo.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto lile la kunata la mwezi wa sita. Nilifika dukani kwa Chen saa saba mchana, nikakuta nimekosea muda. Chen ni mama wa makamo ambaye nimenunua kwake miaka yote, na ananiita pengyou, rafiki, kama tunavyoitwa wote sokoni. Sasa kama hujafika huku, elewa jambo hili: baada ya chakula cha mchana soko zima linalala. Hawafungi. Wanazima taa, wanakunjua vitanda vya turubai katikati ya mabampa na redieta, wanalala fofofo mpaka saa nane. Mteja mwenye adabu anasubiri. Chen alikuwa amelala kwenye kiti cha kuegemea, kitambaa usoni. Duka zima hakukuwa na sauti ila feni.

Nilitaka kuondoka. Ndipo nikamwona mzee amekaa kwenye stuli ya plastiki kule nyuma, chini ya rafu, amevaa fulana ya ndani na ndala. Nilikuwa namfahamu kwa macho. Ni baba mkwe wa Chen, huwa anakaa pale siku nzima akitazama ukuta. Sikuwahi kumsikia akiongea, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Karibu mama," akasema. "Unatafuta kabureta ya lile gari?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kwetu bara, kile cha kuvuta maneno taratibu. Ningeshtuka, si ndiyo? Sikushtuka. Nilifikiri haraka kwamba huyu ni mmoja wa wazee waliokuja kujenga reli ya kwenda Zambia, maana wapo waliorudi na lugha yetu. Nikafurahi kabisa.

"Shikamoo mzee! Kumbe ulikuwa Tanzania, kwenye reli?"

"Marahaba. Mimi sijawahi kutoka mkoa huu," akajibu. "Kaa. Taa ndogo za ubavuni zipo au hazipo?"

Nikavuta ndoo ya mafuta nikaketi. Na kama desturi yetu mawakala, nikabonyeza simu irekodi. Muuzaji akianza kueleza kipuri, unarekodi, ili mteja akibisha kesho una sauti ya kumsikilizisha. Nimefanya hivyo mara elfu. Ningejua, nisingebonyeza.

"Taa gani, mzee?"

"Usiniharakishe. Kwenye madigadi ya mbele, pembeni, taa ya rangi ya chungwa, ndogo."

Nikakumbuka. Nilipokuwa na miaka sita niliwahi kuing'oa taa hiyo kwa bisibisi nikidhani ni peremende, nikachapwa. Nikamwambia zipo.

"Basi siyo sitini na saba. Kizazi kile kilianza mwaka huo, na mwaka huo peke yake kilitoka bila taa za ubavuni. Serikali yao ikadai ziwekwe, zikawekwa mwaka uliofuata. Haya, twende mbele."

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. *Haya, twende mbele* ndilo neno ambalo Baba alilisema kila alipomaliza mwaka mmoja na kuhamisha kitambaa kwenye mlango mwingine. Lakini watu wangapi wanasema haya twende mbele? Wengi tu.

Mzee akaendelea. Alinieleza jinsi kabla ya kizazi kile pikapu ilikuwa chombo cha kazi tu, cha mkulima na saruji yake, na jinsi waliochora hii walivyoishusha chini, wakailainisha mabega, wakaitengeneza ndani ili mtu aweze kumpandisha mkewe kwenda kanisani bila kuona haya. Alinieleza tangi la mafuta, kwamba liliwekwa ndani ya kebini, nyuma ya kiti, na halikutoka hapo mpaka kizazi kilipokoma. Nikasikia mgongoni mwangu petroli ikicheza, vile vile nilivyoisikia utotoni tukipanda mlima, nikiwa nimebanwa kati ya Baba na Neema.

"Pua yake, kule mbele ya boneti, imelala au imesimama?"

Nikamwonyesha picha. Hakuitazama. Nikasema imelala.

"Sitini na tisa waliisimamisha. Basi gari lako ni la sitini na nane, mama. Ni mwaka mmoja tu unaoweza kuwa."

Ungekuwa wewe ungeondoka hapo, si ndiyo? Kitu ulichofuata umeshakipata. Mimi sikuweza. Nilikuwa mtoto wa miaka minane Jumapili mchana, na safari hii nilikuwa nimebaki hadi mwisho. Akanipeleka sabini, nati sita kila gurudumu. Sabini na moja, nati tano, na breki za diski mbele badala ya drami, na grili mpya ya vyumbavyumba inayofanana na trei ya mayai. Sabini na mbili, kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kikaacha kufungwa juu, kikagandishwa kwenye kioo cha mbele. Mwaka uliofuata likaja umbo jingine kabisa, na kizazi kile kikaisha.

"Kizazi cha miaka sita," akasema. "Watu wanadhani ni kirefu zaidi kwa sababu magari yake hayafi."

Kisha akainama, akavuta boksi kutoka rafu ya chini, akalipangusa vumbi. Ilikuwa kabureta.

"Hii ndiyo yake. Na haya niliyokueleza, nikufungie pia?"

Nikacheka. Niliona ni maneno ya wazee.

"Nikufungie kidogo," akauliza, "au yote? Ukichukua yote, huku hayabaki."

Nisikilize vizuri hapa. Soko la jumla halikuuzii kimoja. Ukisita sita, laoban anageuka kwa mteja mwingine, na bei ya yote daima ni nzuri kuliko bei ya kidogo. Miaka kumi na moja nimeulizwa swali hilo kila siku, na kila siku nimelijibu kabla halijaisha. Mdomo wangu umelizoea kuliko sala.

"Funga yote, mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetua mzigo. Akanikabidhi boksi kwa mikono miwili. Halafu akageukia ukuta.

Nilipoinuka nikamkuta Chen amesimama nyuma yangu, kitambaa bado mkononi, machozi yanamtoka.

"Pengyou," akasema kwa Mandarini, "Kikantoni umejifunza lini?"

"Kikantoni gani?"

"Hicho mlichokuwa mnaongea! Nimesimama hapa tangu kwenye breki. Unaongea kama bibi yangu wa kijijini. Na yeye, yeye ana miaka miwili hajasema neno! Tangu alipopooza. Daktari alisema hatasema tena."

Nikamwambia tumeongea Kiswahili, lugha ya kwetu. Chen akanitazama kwa huruma, nikaona anadhani joto limenipata. Nikakumbuka simu. Nikasema subiri, ninao ushahidi.

Dakika kumi na tisa. Nikabonyeza.

Sauti ya mzee ilitoka, ya kukwaruza, kwa Kikantoni. Ikafuata sauti yangu. Yangu kabisa, na kicheko changu, na ile tabia yangu ya kuguna kabla ya swali. Kwa Kikantoni. Sikuelewa neno hata moja nililolisema mimi mwenyewe. Umewahi kujisikia ukiongea usichokielewa? Nilikaa chini kwenye sakafu ya duka na simu mapajani.

Chen akanitafsiria, sentensi kwa sentensi. Taa za ubavuni, tangi, pua, diski, kioo. Kila kitu kama nilivyokueleza. Akashangaa mara mbili, kwa sababu mzee yule maisha yake yote alikuwa fundi cherehani pale Shisanhang, alikata nguo za jumla mpaka mikono ikakataa. Gari hajawahi kuendesha. Duka ni la mwanawe.

"Na hapa mwisho anauliza kidogo au yote," Chen akasema. "Wewe unasema yote."

Nikamwinamia mzee, nikamwita mara tatu kwa Kiswahili. Alitazama ukuta.

Nilipofika chumbani Xiaobei nikakuta Neema amenipigia mara saba. Nilijua Baba amekufa. Nikapiga huku nimeshika mlango.

"Amepona!" Neema alikuwa anapiga kelele. "Mdogo wangu, Mungu ametenda! Asubuhi nimempelekea chai kule garini kama kawaida, saa mbili hivi. Alikuwa anasimulia mambo yake. Ghafla akanyamaza, akafungua mlango, akashuka mwenyewe, akaja jikoni akaomba uji. Amekunywa vikombe viwili! Sasa amelala kitandani, kitandani kwake!"

Saa mbili na zaidi asubuhi Singida ni saa saba na zaidi mchana Guangzhou. Hesabu hiyo niliifanya mara moja kichwani, kisha nikajikataza kuifanya tena. Nikamwambia Neema tumshukuru Mungu. Na nilishukuru kweli, nisikudanganye.

Wiki mbili baadaye nilipanda ndege na kabureta kwenye begi la mkononi. Baba nilimkuta amenenepa. Amenyolewa ndevu, macho maangavu, anakula, anaota jua. Aliitikia shikamoo yangu vizuri kabisa, na kumwambia Neema amletee mgeni kiti.

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata. Kabureta ikakaa mahali pake bila kusukumwa. Lakini fundi alifunga bomba moja vibaya, na mkono wangu ukaenda ukalitoa na kulifunga upya kabla sijajua ninafanya nini. Fundi akanitazama. Mimi niliutazama mkono. Vipuri ninavinunua, ndugu yangu, lakini sijawahi kufunga kitu kwenye injini maishani mwangu.

Liliwaka mara ya tatu. Lilikohoa, likatoa moshi, likatulia na mngurumo ule ule wa Jumapili. Neema akapiga vigelegele, majirani wakaja. Nikamshika Baba mkono nikamleta karibu, nikamsubiri. Nilisubiri uso wake ufunguke. Kila nilichokifanya mwaka ule nilikifanya kwa ajili ya dakika hiyo.

Baba aliziba masikio.

"Gari la nani hili?" akauliza. "Lina kelele sana."

Neema aliacha vigelegele. Nikamzima Mzungu. Nikamkalisha Baba kwenye kiti kivulini, nikachukua ndoo na kitambaa nikaanza kuliosha gari, sijui kwa nini, mikono ilitaka kazi. Na huku naosha nikaanza kumsimulia. Sitini na saba, mabega laini. Sitini na nane, taa. Nilijua mambo ambayo mzee wa Yongfu hakuyataja, nambari za boliti, mlio wa gia ya pili ikichoka, mahali Baba alipoficha shilingi tano chini ya kiti siku nilipozaliwa. Kila kitu kilikuwa kwangu. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa dukani.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakutoroka kama nilivyotoroka mimi.

"Wewe binti unayajua sana magari," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

Akaitikia kwa kichwa, amependezwa.

"Alifanya vizuri. Ukirudi kwenu umsalimie sana."

Yuko hai mpaka leo, ana afya, na hamjui mtu. Nimepita dukani kwa Chen na matunda, nikamwomba mzee, nikamlilia, kwa Kiswahili, kwa Mandarini, nikamwekea hata ile rekodi yenyewe aisikilize. Nilitaka kurudisha mzigo. Anatazama ukuta. Daktari wa Baba anasema hakuna kilichochukuliwa na mtu, ugonjwa ndivyo ulivyo, ungefika hapo tu, na huenda ni kweli. Basi nani alinipa zile nambari za boliti?

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyenisikiliza hadi hapa. Kama una mzee nyumbani anayerudia hadithi moja kila wiki, kaa umsikilize kwa mdomo wake mwenyewe, wakati bado anajua kwamba anakusimulia wewe. Na siku utakapoulizwa popote ufungiwe kidogo au yote, usikimbilie kujibu kama mimi. Uliza kwanza vinatoka kwa nani.